Bembea Isiyozinduliwa

Hapo zamani za Jumanne iliyopita palikuwa na nchi moja ambayo haipo. Naomba jambo hili lieleweke mapema, hasa kwa msomaji mwenye pingu kiunoni: haipo.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, kitu hakikuwa kitu mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Kiriri lilijengwa likaisha, likapakwa rangi, likawekewa taa. Lakini kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na mafua, wananchi waliendelea kuvuka pembeni yake, maji yakiwafika kifuani, huku wakilitazama na kulisifu. Wodi ya wazazi ya hospitali ya mji mmoja ilikaa na kufuli miezi minane, na watoto wengi wa mji huo walizaliwa barazani kwake, kwenye kivuli chake kizuri. Hakuna aliyelalamika. Aliyetaka kulalamika alielezwa kwa upole kwamba Ofisi ya Malalamiko nayo ilikuwa haijazinduliwa.

Nyuma ya wodi hiyo, katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika, alifanya kazi Bi. Semeni, mtaalamu wa tiba kazi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu yale ambayo sisi wengine huyafanya bila hata kujua kwamba tunayafanya: kushika kijiko, kupiga mswaki, kuingiza mguu wa kulia kwenye kiatu cha kulia. Wengi wa waliokuja kwake walikuwa watoto wenye usonji. Mganga Mkuu, aliyekuwa akipita dirishani na kumkuta amekaa sakafuni na beseni la maharage, alimwita "yule mama anayelipwa kucheza," na wauguzi walicheka kwa mujibu wa vyeo vyao.

Mtoto aliyekuwa akija kila siku aliitwa Siwatu. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na kichwa chake kilikuwa kama redio iliyoshika stesheni zote kwa mpigo. Taa ya darini ilimngurumia kama mzinga wa nyuki. Ukosi wa shati ulimchoma kama katani. Na Mungu, ambaye hana mazoea ya kueleza mambo yake, alikuwa amempa mama aliye fundi cherehani, Kibibi, mwanamke aliyeshona vifungo vya mashati ya mji mzima ila shati la mwanawe, kwa sababu mwanawe hakuvumilia kuvaa shati lenye vifungo.

Dawa ya Bi. Semeni ilikuwa bembea. Haikuwa bembea ya maana: gunia, kamba mbili, na boriti ya dari. Siwatu alibembea dakika kumi, polepole, mbele na nyuma, mpaka zile stesheni zikazimika moja moja, ikabaki moja. Hapo alivishwa kizibao kizito alichoshonewa na mama yake, chenye mchanga ndani, kisha wakaanza kazi. Miezi kumi na minne walifanya hivyo. Walianza na vifungo vikubwa vya makoti, wakashuka hadi vifungo vya shati. Kufikia Oktoba, Siwatu aliweza kufunga vifungo vitatu kati ya vitano, mwenyewe, ulimi ukiwa umetoka nje kidogo kwa bidii.

Vitano ndiyo idadi iliyotakiwa. Mwalimu Mkuu wa shule iliyopakana na hospitali alikuwa amesema waziwazi.

"Mtoto wa shule hii hufunga vifungo vyake vitano na hukaa kwenye dawati nusu saa bila kuinuka. Mlete Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa nane mchana. Akiyaweza hayo mawili, nitampokea. Asipoyaweza, msinirudie. Mwakani atakuwa ameshapita umri."

"Ataweza, mwalimu," alisema Kibibi.

"Watu wengi huniambia hivyo," alisema Mwalimu Mkuu, "na mimi huwaamini wote mpaka saa nane."

*

Katikati ya Oktoba serikali ilisikia habari za bembea ya gunia, ikaona aibu. Haikuwa aibu ya kawaida, ilikuwa ile yenye bajeti. Lori likaleta bembea mpya kutoka nje ya nchi: kiti laini cha bluu, minyororo inayong'aa, ndoano nne za chuma. Pamoja na lori akaja Bwana Mbwilo, Afisa Uzinduzi Mwandamizi Daraja la Kwanza, mtu mwenye tumbo la kupendeza na mkasi mfukoni, ambao hakuruhusiwa kuutumia.

Mafundi walitundika bembea mpya. Ile ya gunia waliiondoa.

"Mnaipeleka wapi?" aliuliza Bi. Semeni.

"Kwenye Maonyesho ya Tulikotoka," alisema Bwana Mbwilo. "Itawekwa kati ya kibatari na ukoma."

Kisha wakaizungushia bembea mpya utepe mwekundu wenye upana wa kanga na urefu wa mita arobaini, maana katika nchi hiyo heshima ilipimwa kwa mita. Mbele yake waliufunga fundo kubwa mfano wa ua.

"Ahsanteni sana," alisema Bi. Semeni. "Sasa naomba mfungue. Mtoto anasubiri."

Bwana Mbwilo alimtazama kama mtu aliyeombwa avue suruali sokoni.

"Mama, haijazinduliwa."

"Najua, baba. Lakini mtoto anaihitaji leo."

"Leo si tarehe ya uzinduzi."

"Tarehe ya uzinduzi ni lini?"

"Jumatatu," alisema Bwana Mbwilo kwa fahari, bila kusema Jumatatu ipi.

Akaachwa askari wa kulinda utepe. Aliitwa Koplo Magesa, mrefu, mkimya, mwenye redio ndogo begani. Katika mfuko wa shati alikuwa na karatasi ya amri, ambayo Bi. Semeni aliomba kuisoma. Ilisema: *Askari atalinda utepe wa serikali popote auonapo, usikatwe na yeyote asiye mgeni rasmi.* Basi.

"Afande, huwezi kuangalia pembeni dakika kumi tu?"

"Dokta," alisema Koplo Magesa, "nina watoto wanne na sare moja."



*

Ilikuwapo njia ya kisheria, na Bi. Semeni, aliyelelewa vizuri, aliifuata. Alijaza Fomu Namba Tisa, Ombi la Kutumia Kabla ya Matumizi. Swali la sita liliuliza: *Mwombaji anabembea kuelekea wapi? Mbele. Nyuma. Chagua moja.* Akachagua yote mawili. Fomu ikarudishwa kwa kukosa msimamo. Akachagua mbele. Ikarudishwa tena na maandishi ya wino wa kijani: *Mwombaji atarudi vipi?*

Jumatatu ilipita. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Sindumbwe, Waziri wa Ustawi, Furaha na Takwimu, alikuwa akizindua choo mahali pengine. Jumatatu ya pili alikuwa akizindua kile choo tena, kwa sababu mara ya kwanza kamera haikuwa na betri. Jumatatu ya tatu alikuwa na huzuni za kitaifa.

Hebu tuseme sasa kilichompata Siwatu, kwa kuwa yeye hakuwamo katika ratiba yoyote kati ya hizo.

Siku ya kwanza aliingia, akaenda moja kwa moja palipokuwa na gunia, akasimama. Siku ya pili alisimama tena. Siku ya tatu alianza kujigonga ukutani kwa kisogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Juma la pili vifungo vitatu vikawa viwili. Juma la tatu vikawa kimoja. Juma la nne alilichana shati, akajing'ata mkono mpaka damu ikatoka, na Kibibi akaja kazini kwa Bi. Semeni na kanga imefungwa mkononi, maana naye alikuwa ameng'atwa alipojaribu kumzuia.

"Dada Semeni, halali," alisema Kibibi. "Siku tatu hajalala. Jana mama mkwe ananiuliza, 'Huyu mtoto wako wanamfundisha nini huko, kubweka?'"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia wanamfundisha kungoja. Nikamwambia hata wewe mama hujaweza."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kisha Kibibi akalia, kisha akaomba radhi kwa kulia. Bi. Semeni alimpa maji. Alijaribu blanketi zito, alijaribu beseni la maharage, alijaribu kumzungusha Siwatu ndani ya shuka akimshika mwenyewe mpaka mgongo ukamgomea. Kila kimoja kilisaidia dakika mbili tatu. Gunia jingine hakuweza kulitundika, maana boriti ilikuwa moja tu, na sasa nayo ilikuwa haijazinduliwa. Usiku aliota vifungo.

Aliyebadilika ni Koplo Magesa. Siku moja tu redio yake ikawa imezimwa. Siku iliyofuata aliziacha buti zake mlangoni, akawa analinda utepe kwa soksi. Siwatu alipolisogelea lile fundo kubwa na kulipapasa, kidole kikipita juu na chini ya kila mkunjo, Koplo alitoa karatasi yake, akaisoma, akairudisha mfukoni.

"Kupapasa hakujaandikwa," alisema.

Basi Siwatu akalipapasa kila siku, kwa nusu saa, kama mtu anayesoma.

Ndipo Koplo akaanza ukaguzi. Kila saa nne asubuhi aliisukuma bembea tupu, na utepe wake wote, polepole, mbele na nyuma. "Naangalia usalama wa minyororo," alieleza, ingawa hakuulizwa. Bembea ikaenda bila mtu, ikarudi bila mtu. Na chini yake, sakafuni, Siwatu akayumba nayo, mbele na nyuma, macho yakiifuata. Haikuwa bembea. Ilikuwa kumtazama mwenzio akila. Lakini juma hilo kifungo kimoja kikarudi kuwa viwili.

*

Hatimaye tarehe ikatoka: Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa tatu asubuhi.

Bi. Semeni alihesabu kwa vidole. Saa tatu wakate utepe, saa nne waondoke, mtoto abembee; saa nane vifungo. Inawezekana! Akaandika barua kwa Wizara akiomba mambo matatu tu: pasiwe na bendi, pasiwe na makofi, pasiwe na kelele, kwa kuwa watoto wenyewe huumia. Jibu lilikuja haraka ajabu.

*Ombi lako la ukimya limekubaliwa. Ukimya utazinduliwa saa tatu na robo kwa bendi ya watu arobaini na mizinga mitano.*

Alhamisi yakafanyika mazoezi. Bwana Mbwilo alipanga watoto sita wa Bi. Semeni mstarini, akawaamuru wamtazame machoni, watabasamu na kusema, "Tunashukuru Mheshimiwa kwa kutujali." Mmoja alitazama kifungo cha koti lake. Mmoja aliziba masikio. Wa tatu aliondoka zake. Siwatu alijilaza kifudifudi.

"Hawa wana nini?" aliuliza Bwana Mbwilo.

"Wana usonji," alisema Bi. Semeni. "Ndiyo sababu ya bembea."

"Najua wana usonji, mama, nimesoma faili. Lakini hawauonyeshi vizuri. Wananchi hawataelewa."

Akaletwa binti wa Katibu Tawala, mtoto mchangamfu mwenye ribuni mbili, ambaye alifundishwa usonji kwa dakika arobaini na kuufaulu. Yeye ndiye angekalia bembea.

"Na hawa wangu?"

"Watawekwa mahali patulivu."

"Wapi?"

"Nyumba ya jenereta."

Bi. Semeni hakubishana, alikuwa ameshajifunza kwamba kubishana ni kupewa fomu. Watano aliwarudisha kwao. Siwatu, ambaye hakuweza kukosa siku hiyo, alipangiwa pa kujificha: chini ya meza yake ya kazi, kona ya mbali ya chumba, na lile blanketi zito.

*

Saa tatu mgeni rasmi hakufika. Saa nne hakufika. Bendi ilifika. Ilifanya mazoezi ya saa mbili chini ya dirisha, na chini ya meza Siwatu alijikunja mpaka akawa na ukubwa wa mto wa kulalia. Kibibi alikuwa amelala kifudifudi kando yake, mikono ikiziba masikio ya mwanawe, shati la vifungo vitano limekunjwa kifuani. Saa sita mizinga ikapigwa, kwa makosa, kwa heshima ya gari la kuzoa taka.

Saa saba kasorobo msafara ukaingia. Mheshimiwa Sindumbwe alihutubia.

"Ndugu wananchi! Tulipoingia madarakani, usonji ulikuwa umetapakaa kila mahali bila mpangilio. Leo una chumba! (*Makofi.*) Wapo wanaouliza, serikali inawapeleka wapi watoto hawa? Nawajibu: mbele! (*Makofi.*) Na bembea hii itakwenda mbele tu!"

Akakata utepe. Makofi. Bwana Mbwilo akamsogeza binti wa Katibu Tawala, lakini mpiga picha akasema mwanga ungefaa zaidi Mheshimiwa akikaa mwenyewe, walau mara moja. Mheshimiwa akakaa. Koplo Magesa, ambaye mkono ulikuwa umeshazoea, akasukuma.

Mbele. Nyuma.

Mheshimiwa alitabasamu kwa ajili ya kamera. Alipokwenda mara ya tano tabasamu likalegea. Mara ya kumi akafumba macho. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu uchaguzi, yakashuka. Bendi ikakosa la kufanya, ikanyamaza. Wananchi wakanyamaza. Dakika moja, mbili, tano. Katika historia yote ya nchi hiyo haikuwahi kutokea hafla isiyo na kelele, na baadhi ya wazee walidhani amefariki.

Katika ukimya huo blanketi lilisogea. Siwatu akatoka chini ya meza. Alipita katikati ya mabalozi na madiwani asiwaone, akasimama mbele ya bembea, akaanza kuyumba nayo. Mheshimiwa akafumbua macho. Akamwona.

*Ameelewa,* aliwaza Bi. Semeni. *Mungu wangu, ameelewa.*

"Hiki kitu," alisema Mheshimiwa, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "kinatuliza."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Bi. Semeni.

"Kelele zote. Zimekwisha."

"Ndiyo, Mheshimiwa! Ndivyo hasa—"

"Mbwilo!" alisema Mheshimiwa. "Kifungue. Kinakwenda ofisini kwangu, kwa matumizi ya taifa."

Kikafunguliwa. Kiti, minyororo, ndoano zote nne. Kikapandishwa juu ya gari la kwanza la msafara na kufungwa kwa kamba. Bwana Mbwilo alimpa Bi. Semeni karatasi ya kusaini kwamba kituo kimezinduliwa. Alisaini.

*

Ikawa saa saba na nusu. Chumbani palibaki boriti, matundu manne, na utepe mita arobaini katika vipande viwili. Siwatu alikaa chini ya yale matundu, kisha akajivuta hadi ukutani, akaanza kujigonga.

"Twende tu nyumbani, dada," alisema Kibibi. Alikuwa analikunja lile shati, analikunjua, analikunja. "Tumejaribu. Basi."

Koplo Magesa alitoa karatasi yake. Aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma, ambako hapakuandikwa kitu.

"Umeshakatwa," alisema. "Na amekata mgeni rasmi mwenyewe."

Akaukunja utepe mara nne, akapanda juu ya meza, akaufunga kwenye boriti kwa yale mafundo wanayofundishwa askari. Akaning'inia yeye kwanza, mwili mzima, kilo tisini na soksi. Boriti ililalamika, ikakubali.

"Dakika kumi, dokta. Mimi naangalia saa."

Siwatu alibembea ndani ya utepe mwekundu wa serikali. Dakika ya tatu aliacha kutetemeka. Dakika ya saba alivuta pumzi ndefu, moja, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Dakika ya kumi Bi. Semeni akamvisha kizibao, Kibibi akamvisha shati juu yake, na wote wanne wakapita kwenye tundu la uzio kwenda shuleni, Koplo akiwa ameshika buti mkononi.

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni mwa darasa, saa ikiwa mkononi. Saa nane kamili.

Kifungo cha kwanza kilichukua dakika moja. Cha pili, mbili. Cha tatu kiliponyoka, akakirudia, kikaponyoka, ulimi ukatoka, kikaingia. Kibibi aliutazama ukuta, hakuweza kutazama. Cha nne. Cha tano kilikuwa cha shingoni, kile cha ukosi, katani yenyewe. Siwatu alikigusa, akakiacha. Alikigusa tena. Bi. Semeni alijikuta naye anavibana vidole vyake hewani.

Kikaingia.

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akavaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa nchi hiyo.

"Vitano," alisema. "Sasa ni dawati. Tumemwandalia lake, mbele pale."

Dawati lilikuwa jipya, zuri, linanukia vanishi. Lilikuwa limezungushiwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa mfano wa ua.

"Atakaa nusu saa yake," alisema Mwalimu Mkuu, "mara tu litakapozinduliwa."

"Lini?" aliuliza Bi. Semeni.

"Jumatatu."

Hakuna aliyemwangalia Siwatu. Alikuwa ameshafika kwenye dawati. Kidole chake kilipita juu ya mkunjo, chini ya mkunjo. Fundo hilo alikuwa amelisoma juma baada ya juma. Alivuta ncha moja. Akavuta ya pili. Ua likafumuka, utepe ukaanguka sakafuni, naye akaketi.

"Halijazinduliwa!" alipiga kelele Mwalimu Mkuu. "Koplo! Wewe ni shahidi! Umeona!"

"Nimeona, mwalimu." Koplo Magesa aliuokota utepe, akaukunja vizuri, akauweka kwapani. "Amri yangu ni kuulinda usikatwe. Haujakatwa. Huu hapa, naulinda."

Mwalimu Mkuu alitafuta kifungu cha sheria, hakukipata. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya alilozoea: akatazama saa, akaanza kuhesabu.

Hapo ndipo ving'ora vilipoanza kusikika. Msafara, uliokuwa umekawia kwenye chakula cha mchana, ulikuwa unarudi mji mkuu kwa barabara inayopita chini ya madirisha ya shule, bembea juu ya gari la kwanza, bendi nyuma. Siwatu alikaza vidole kwenye ukingo wa dawati. Kibibi alipiga magoti nyuma yake, akayafunika masikio yake kwa viganja. Koplo Magesa alianza kufunga madirisha, moja baada ya jingine, kwa upole, yasigonge.

Bi. Semeni aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tisa.